Diski Namba Tatu

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini Marlys Haugen aliiona methali hiyo kuwa ya kuwafariji wasiojua. Yeye ndiye aliyekuwa fundi pekee wa kompyuta katika kituo cha simu za dharura cha kaunti moja ya Dakota Kaskazini, na tangu airithi kazi hiyo kwa mzee Orville aliyestaafu, hakuwahi kumpigia hata simu moja. Siku ya kuagana, mzee alimtania kwamba Marlys angemtafuta kabla theluji haijayeyuka. Marlys aliapa kimoyomoyo kwamba ng'o.

Asubuhi moja, dhoruba ya theluji ikiwa imefunga barabara, seva, kompyuta kuu ya kituo, ilitoa taarifa: diski namba tatu imekufa. Seva ile ilivumilia msiba mmoja tu, diski zilizobaki zikibeba mzigo wa marehemu. Ikitoka nyingine, ramani ya kuongozea magari ya wagonjwa ingezimika, na gari moja lilikuwa njiani na mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Marlys alishika diski yenye kibandiko cha namba tatu, alichokibandika Orville enzi zake. Mkono ukasita. Mbona taa yake ilimetameta kama ya diski iliyo kazini, ilhali taa ya nne ilikuwa giza tupu? Udadisi ukamwasha kama upupu.

Duane, mkuu wa zamu, alisimama mlangoni. "Si uchomoe tu, unangoja nini?"

"Kuna kitu sikielewi."

Akameza kiburi chake, kichungu kama shubiri, akampigia Orville.

"Nilijua tu," mzee akacheka. "Haya, sema binti."

"Vile vibandiko vyako, mzee, ulianza kuhesabu na ngapi?"

"Moja, kama watu wote."

"Na mashine je?"

Kicheko kikakatika. "Inaanza na sifuri, kwa hiyo tatu yake ni nne yangu. Usiiguse hiyo, Marlys. Iliyokufa ni ya nne."

Akachomoa ya nne, akachomeka mpya. Ramani haikupepesa hata kidogo. Chumba cha pili, wapokea simu waliendelea kuliongoza lile gari likwepe barabara iliyozibwa, na mama yule akajifungulia hospitalini salama. Marlys aliketi sakafuni, akiwaza lile alilokaribia kulitenda kwa kuona haya. Naam, kuuliza si ujinga.