Mwalimu Kororo na Somo la Kimya

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Mmeitikia kama watu waliokula jana. Haya tena, mpaka nyumba ya tatu wasikie. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sauti hiyo hiyo, msiipoteze.

Zamani, zamani hasa, kabla kuku hajahamia kwa watu, palikuwa na kijiji cha ndege wanaoishi chini. Palikuwa na kanga, palikuwa na kwale. Walichakura pamoja, waliota jua pamoja, na adui yao alikuwa mmoja. Mwewe.

Mwewe alikuja mchana. Alikuja kutoka juu. Vuuu! Kifaranga mmoja hayupo. Wiki ikapita. Vuuu! Mwingine hayupo. Wazazi wakakaa kikao. Mwenyekiti alikuwa Mzee Madoa, kanga mnene aliyependa vikao kuliko chakula, na chakula alikipenda sana.

"Jamani," akasema, "watoto wetu wanaliwa kwa sababu hawana elimu. Tutafute mwalimu."

Wakatafuta, wakampata Mwalimu Kororo. Kororo ni binamu yake kanga, ila yeye kichwani ana kishungi. Cheusi, kimejikunja, kimekaa kama nywele za bwana harusi. Mwalimu alikitunza kishungi kile. Hakulala chini kisije kikaingia vumbi. Hakupita kwenye majani marefu kisije kikachanika. Na kabla ya kusema neno lolote alikohoa kwanza, "Ehem!", kisha akakipapasa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Kidoti. Mama yake Kidoti alichukuliwa na Mwewe, mchana kweupe, mbele ya mumewe. Kwa hiyo msidhani Mwalimu alikuja kutania. Kidoti ndiye aliyebaki, na Mwalimu alimpenda mpaka akaogopa. Alitaka jambo moja duniani, mtoto yule asichukuliwe.

Somo lake lilikuwa moja. Mwewe akija, lala chini, nyamaza, usitikisike. Basi. Ni somo zuri, halina kasoro, hata mimi naliunga mkono. Sikilizeni sasa lilivyofundishwa.

Mwalimu alipanda juu ya kichuguu. "Ehem!" Akapapasa kishungi. Kisha akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mwewe akija?"

"Kimyaaa!" wakaitika vifaranga.

"Sisikii!"

"KIMYAAA!"

"Kimya gani?"

"KIMYA KABISAAA!"

"Asiyepiga kelele hajaelewa! Tena!"

Mtoto aliyejibu polepole alichapwa kijiti cha kisigino. Mtoto aliyejibu kwa nguvu alipigiwa makofi ya mabawa. Ng'ambo ya pili ya bonde walisikia kila neno. Wazazi wakiwa mashambani walisimama, wakainamisha vichwa, wakasikiliza. "Elimu hiyo," wakasema. "Inasikika mpaka huku."

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mtoto wa kanga hana kishungi, mnajua. Kichwa chake ni upara mtupu. Lakini kila mtoto, kabla ya kuomba maji, alikohoa, "Ehem!", akapapasa hewa juu ya upara wake, ndipo akaomba, kwa kupiga kelele. Ndugu kwa ndugu wakaanza kunyamazishana. "Nyamaza wewe!" "Nyamaza wewe kwanza!" "Nimesema nyamaza!" Mama mmoja aliziba masikio kwa majani. Ila aliona fahari, msiseme hakuona.

Shule ile ilikuwa na mpishi wa uji, Bibi Kwale. Mdogo, rangi ya udongo, hana neno. Yeye na mwiko wake. Kivuli kikipita juu, hata cha wingu, Bibi Kwale aliuacha mwiko, akajilaza pale pale, tuli. Kivuli kikiondoka, akainuka, akakoroga. Mwalimu alimcheka.

"Bibi, wewe ni mwoga sana."

"Sana, Mwalimu," akajibu Bibi Kwale, akaendelea kukoroga.

Na Mwewe, je? Mwewe alikaa kwenye mti mkavu ng'ambo ya bonde, naye aliipenda shule ile kuliko wazazi wote. "Zamani," alimwambia mkewe, "nilizunguka tangu asubuhi mpaka macho yakaniuma. Siku hizi nasubiri kipindi cha pili tu. Mwalimu yule Mungu amuweke."

Siku moja, kipindi cha pili, akaja.

Vuuu!

"Mwewe!" akapiga kelele Mwalimu Kororo. Akaruka kutoka kichuguuni, akakimbia, kakakaka-kakakaka, mabawa wazi, kishungi juu. "Nyamazeni! Laleni chini! Nyamazeni nyote!" Anasema hivyo anakimbia. Na watoto wote nyuma yake, mabawa wazi, wanakimbia, "Kimyaaa! Kimya kabisaaa!" Vumbi, makelele, manyoya. Vumbi lilipotua, mtoto wa Mzee Madoa, yule mdogo aliyekuwa na sauti kupita wote, hakuwepo.

Mzee Madoa alilia. Alilia kwa uchungu, na sisi hatumcheki hapo. Lakini msibani wazee wakakubaliana kwamba kosa ni la watoto. Hawajalishika somo. Mwalimu naye akaamini hivyo. Kesho yake akaongeza kipindi kimoja, akaongeza na sauti.

Jioni ile, Kidoti alikuwa amekaa karibu na baba yake wanachambua mbegu.

"Baba," akasema, "Mwewe akija kweli kweli, siyo darasani, wewe unafanya nini?"

"Ehem! Nanyamaza. Nalala chini."

"Mbona jana ulikimbia unapiga kelele?"

Mwalimu akapapasa kishungi, akapapasa tena.

"Nilikuwa nafundisha."

Kidoti akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri. Kishungi chake kilikuwa ndiyo kwanza kinachipua, nacho alikibeba vile vile kama baba, kimeinuka, kimeelekea kushoto.

"Basi mimi maneno mengi yananichanganya," akasema. "Akija tena nitakutazama wewe, Baba. Utakalofanya, nami nitafanya."

Usiku kucha Mwalimu hakupata usingizi. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia ni mbu.

Sasa ikaja siku ya jua kali, saa ya uji. Watoto wote walikuwa kwa Bibi Kwale na vifuu vyao, isipokuwa Kidoti. Baba yake alimbakiza arudie somo mara kumi zaidi, kwa kuwa alikuwa anamhofia. Alipomaliza ya kumi akamwambia, "Nenda kanywe uji." Kidoti akashika kifuu chake, akaenda. Kutoka kichuguuni mpaka jikoni ni uwanja mtupu. Hakuna jani, hakuna kijiti.

Mwalimu akatupa macho jikoni. Akashangaa. Watoto wote wamelala chini! Wamejilaza kuzunguka chungu, kanga na kwale, tuli, kama mawe ya mafiga. Bibi Kwale naye amelala, mwiko uko pembeni, uji unafoka peke yake. Shwaa, shwaa, unaingia motoni.

"Wavivu hawa!" akawaza Mwalimu. "Saa ya uji wanalala! Na huyu bibi ndiye anayewaharibu!" Akavuta pumzi ya kuwapigia kelele. "Ehe..."

Ndipo akakiona kivuli. Kilipita juu ya chungu, kikapita juu ya migongo ya watoto, hakikusimama, kikaja uwanjani. Katikati ya uwanja alikuwepo Kidoti na kifuu chake.

Kidoti naye alikiona. Hakutazama juu. Hakumtazama Bibi Kwale. Aligeuza shingo, akamtazama baba yake.

Jamani, kelele ilikuwa imeshafika. Ilipanda kifuani, ikapita kooni, ikakaa juu ya ulimi wa Mwalimu Kororo. Kelele ile ile iliyomtoka siku ya mkewe. Miguu nayo ilikuwa imeshaanza kukimbia, ni mwili tu haujaondoka. Alimwona mwanawe anamtazama. Akajua, kama anavyojua jina lake, kwamba akikimbia, yule atakimbia. Akilia, yule atalia. Maneno yote aliyomfundisha, mara kumi na mara kumi nyingine, hayapo pale uwanjani. Yupo yeye tu.

Akaufunga mdomo. Akajitupa chini, pu! Kishungi kikazama mavumbini.

Uwanjani, Kidoti akajitupa chini, pu! Kifuu huko.

Tuli.

Kivuli kikazunguka mara moja. Tuli. Kikazunguka mara ya pili, chini zaidi, mpaka Mwalimu akasikia upepo wa bawa. Moyo ulimpiga hata akaogopa kwamba moyo nao utasikika. Hakuinua kichwa. Hakukohoa. Hakupapasa.

Mwewe akiwa juu alikuwa anatega sikio. Alisikia uji unaungua, basi. "Ajabu," akasema, "leo hawana shule?" Akaenda zake na njaa yake.

Kidoti alipomfikia baba yake alimkuta bado amelala, machozi yamechora mistari kwenye vumbi la uso.

"Baba, nimepatia?"

"Umepatia, mwanangu," akasema Mwalimu. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo Kidoti alikuwa hajawahi kuisikia.

Akamwendea mpishi. "Shikamoo, Bibi." Tangu aanze kazi alikuwa hajamwamkia. "Watoto hawa uliwafundisha lini?"

"Marahaba, Mwalimu. Mimi nijue kufundisha?" akasema Bibi Kwale, anakwangua ukoko. "Mimi naogopa tu. Naogopa kimya kimya, nao wananiona."

Tangu siku ile shule ikabadilika. Mwalimu alishuka kichuguuni. Hakuuliza tena "Mwewe akija?", hakudai tena "Kimya!" Kivuli kikipita, yeye huyo chini. Watoto nao chini. Kishungi kilichakaa, kikaota vumbi la kudumu. Watoto wakaacha kupapasa hewa, hakuna aliyewaambia waache. Majumbani mtu aliyetaka maji aliomba maji. Masika yakaja, masika yakapita, na hesabu ya vifaranga haikupungua hata mmoja.

Mnadhani wazazi walifurahi?

Waliitisha kikao. Mzee Madoa akasimama. "Ehem!" akasema, maana yeye alikuwa bado hajaacha. "Ndugu wazazi, shule yetu imeanguka. Siku hizi hatusikii kitu."

"Kweli!" wakadakia kanga. "Kimya!"

"Mwalimu mzima anajilaza chini mchana!"

"Na kishungi kile, mnakiona? Anatutia aibu."

"Mwanangu," akasema kanga mmoja mama, "huu mwezi wa tatu harudi nyumbani na neno hata moja!"

"Lakini anarudi," akasema Bibi Kwale.

Hawakumsikia. Bibi Kwale hakuwa na sauti ya kikao.

"Mwalimu, jitetee," akasema Mzee Madoa.

Mwalimu Kororo akasimama. Wote wakangoja akohoe. Hakukohoa. Aliwatazama, akayatazama mawingu, kisha akajilaza chini taratibu mbele ya wajumbe wote. Watoto waliokuwa wamejazana pembeni, kanga na kwale, wakajilaza naye, wote kwa pamoja, tuli. Wazazi wa kwale wakatazamana. Mmoja akajilaza. Mwingine akajilaza.

"Mmeona dharau hiyo!" akafoka Mzee Madoa. Akapitisha azimio. Kanga wakawashika watoto wao mabawa, wakawavuta wanalia, wakawapeleka ng'ambo ya bonde kwa Mwalimu Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa na sauti ya baragumu. Shule yake ilikuwa jirani kabisa na mti mkavu. Siku ya kufungua, Mwewe alikuja mapema, akachagua tawi zuri, akaishukuru kamati kimoyomoyo.

Ndiyo maana mpaka leo, ukipita porini, kanga wakikuona tu ni makelele, kakakaka, mbio huku, mbio kule, anayemnyamazisha mwenzake ndiye mwenye kelele zaidi. Na kwale utakaribia kumkanyaga ndipo ujue alikuwepo. Kororo na binti yake walihamia msitu mnene, vishungi vimejaa majani makavu. Ni nadra mtu kuwaona, nao hawalalamiki.

Sasa funzo lake ni hili, na nalisema waziwazi. Mtoto hafuati mdomo wa mwalimu wake, anafuata nyayo. Wazee hawakukosea waliposema mwalimu akikojoa amesimama, wanafunzi hukojoa wakikimbia. Basi wewe mwalimu, nawe mzazi, maana nyote ni walimu, kabla hujasema na mtoto...

Nani anacheka huko nyuma? NYAMAZENI NIMALIZE! NIMESEMA KIMYA!

Ah.

Mmeniona, eeh? Mmenishika pabaya. Basi nami nimejifunza leo, hadithi yangu imefika hapo na imenifunga mdomo mwenyewe. Iliyobaki tuitikie polepole, hivi, kama ninavyosema mimi.

Paukwa.

Pakawa.