Mkomamanga wa Kuokota

Inasimuliwa kwamba palikuwa na mama mmoja mwoka mikate katika mji mmoja wa Yemeni, jina lake Lubaba, aliyetimiza miaka sitini bila kujua alifu wala be. Hakutamani kitu duniani ila kuisoma Qur'ani kwa macho yake kabla hajafa.

Mwalimu wa wanawake wa mji ule, Bibi Tumadhiri, Mola amrehemu, alikuwa na sharti lake. Hakumpokea mtu darasani mpaka amletee mkomamanga alioupanda kwa mbegu ndani ya bakuli, akaupogoa ukabaki mdogo, nao ukazaa. Lubaba akapiga hesabu ya miaka, akaona mauti yatamtangulia.

Siku moja akaokota mkomamanga uliong'olewa na wajenzi, shina limeshanenepa, mizizi nusu imekatika. Akautia bakulini. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha tanuri, aliunywesha, akaupunguza matawi na kuusemesha. Mwaka wa pili ukazaa tunda moja, dogo kuliko yai la kuku, na kwa furaha Lubaba nusura aunguze mikate ya mtaa mzima.

Jirani yake Zumuridi akamnong'oneza, "Shoga, sema ni wa mbegu. Nani atafukua aangalie?"

Bibi Tumadhiri alipouona mti akapiga vigelegele. "Mashaallah! Sijapata kuletewa mzuri kama huu. Ingia, dada yangu."

Hakuuliza neno. Mlango u wazi, mkeka umetandikwa, lakini Lubaba akasimama kizingitini.

"Mwalimu, huu sikuuotesha. Niliuokota mkubwa, nimeulea miaka miwili tu." Akajifuta machozi, akainama achukue bakuli lake aende zake.

Bibi Tumadhiri akacheka. "Liache hapo. Sharti lile niliwawekea wasichana, wajifunze kungoja. Wewe umengoja miaka sitini! Tena, ikiwa wewe umeokota mti uliokwisha kukua ukaulea, mimi nina udhuru gani nisikuokote wewe?"

Wakalipasua tunda palepale. Lilikuwa kali kama siki, wakalila lote huku wamekunja nyuso na kucheka, na siku ile ile Lubaba akasoma alifu.

Wapenzi wa Mola, anayeanzia katikati hana la kuonea haya, maadamu hasemi kwamba alianza mwanzo. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa mama yule, na tunda lake pia, hata likiwa kali.