Shilingi Iliyoachiwa

"Shilingi iliyoachiwa haivushi mto." Mmeisikia leo kwenye mkutano wa kijiji, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga. Ilitoka hapa hapa, kinywani mwa mwanamke aliyefiwa, nami nilikuwepo.

Miaka hiyo mbunge wetu alikuwa Gaudensi Ngongi. Tulimchagua kwa jambo moja tu: daraja. Mto Luhimbi unatutenga na zahanati, na wakati huo tulivukia magogo ambayo kila masika yalikwenda na maji. Mgonjwa wa upande huu alisubiri mto upungue, au alikufa.

Bungeni kuna desturi, nanyi muijue ili msidanganywe kama sisi. Bajeti ya wizara inapopitishwa, mbunge asiyeridhika husimama na kusema anashika shilingi ya mshahara wa waziri. Akishaishika, fungu lile la bajeti halipiti mpaka ajibiwe, na jibu lisipomtosha anaweza kutaka wabunge wote wapige kura. Ni silaha ndogo, lakini ni silaha.

Siku ya bajeti ya ujenzi tulijazana kibarazani kwa Hyera, mwenye redio. Ngongi akanguruma: "Mheshimiwa Mwenyekiti, bila daraja la Luhimbi, shilingi siachii! Wananchi wangu wanakufa!"

Vigelegele vikapasua kijiji. Jirani yangu Skolastika akamkumbatia binti yake Imelda, aliyeolewa mwaka ule.

Waziri akajibu kwa sauti laini kwamba serikali inalitambua tatizo hilo na italifanyia kazi. Lini, hakusema. Kwa fedha ipi, hakusema.

"Kwa majibu hayo mazuri," akasema Ngongi, "naachia shilingi."

Wenzake wakapiga meza. Nasi, wajinga, tukapiga makofi, na Hyera akachinja beberu. Tulidhani kuachia ndiko kushinda.

Masika yakaja, magogo yakaenda. Imelda akashikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya. Mkunga akasema apelekwe zahanati upesi. Tukambeba kwa machela hadi ukingoni, na pale tukakwama. Mtumbwi katika maji yale ni jeneza. Bati la zahanati tulikuwa tunaliona ng'ambo, linang'aa. Imelda alikufa akilitazama, na mtoto wake tumboni.

Matanga hayajaanuliwa, Ngongi akaja kuhani. Gari lake likasimama ng'ambo, nyuma limepakia magunia ya mchele.

"Jamani, nimeleta rambirambi!" akapaza sauti. "Nivusheni!"

Skolastika akafunga kanga kiunoni, akashuka mpaka maji yakamfika magotini.

"Mheshimiwa, shilingi uliishika?"

"Niliishika, mama! Nchi nzima ilinisikia!"

"Mbona uliiachia?"

"Ndivyo tunavyofanya, mama. Waziri ni mwenzangu wa chama, siwezi kumkwamishia bajeti. Halafu alinipa ahadi."

"Hiyo ahadi unayo?"

"Ninayo!"

"Basi ipande, uvuke."

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, kisha akajiziba mdomo. Ngongi akanyoosha kidole. "Mama, mimi ni mbunge wako. Niheshimu!"

"Imelda alikuheshimu, Mheshimiwa. Alikupigia vigelegele. Tumemzika. Rudi na mchele wako. Shilingi iliyoachiwa haivushi mto."

Gari likageuka, magurudumu yakichimba tope, na hakuna mkono uliopunga.

Sasa nyie mnaisema mkichezea simu, kana kwamba ni utani. Inaniuma. Kesho atakuja mwingine kuwasimulia alivyonguruma Bungeni, na mtataka kumbeba juu juu. Msimuulize alinguruma vipi. Hata Ngongi alinguruma, na tena vizuri kuliko wengi. Muulizeni alipoachia alikuwa amepokea nini, na akianza kuwaeleza utaratibu wa Bunge, mwambieni alichoambiwa Ngongi na mama wa marehemu, maji yakiwa magotini: shilingi iliyoachiwa haivushi mto.