Kata Mbili za Chui

— Ngano yaja!
— Na ije, tuipime!
— Nikikosea?
— Tutakuuliza!

Mashahidi wote walikubaliana juu ya mambo matatu. Mayai sita ya Mama Kanga yalitoweka kiotani. Chui, hakimu wa mbuga, alimtuhumu Paa. Na kila aliyewahi kutuhumiwa na Chui alikunywa uji wa kiapo, akatapika, akaitwa mwizi, akaliwa na hakimu mwenyewe. Hayo hayakuwa na ubishi. Mengine yote yalihitaji kuchunguzwa.

Desturi ilikuwa hivi. Uji ulipikwa katika chungu kimoja, mbele ya wote. Chui alichota kwa kata yake nyeupe, akanywa wa kwanza: gu! gu! gu! Hakudhurika. Kisha mtuhumiwa alichotewa kwa kata nyeusi. Asiye na hatia, walisema, hatatapika. Ila asiye na hatia hakuwahi kupatikana.

Paa alikuwa mwanafunzi wa Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliyewafundisha watoto wa mbuga kuchunguza mambo. Asubuhi ya kiapo cha Paa, Sange alisimama mbele ya wanafunzi wake, moyo ukimdunda ndu! ndu! ndu! Alijua kwamba akikosea swali moja, Paa ataliwa, na pengine mwalimu baada ya Paa.

"Mheshimiwa hakimu, naomba ruhusa niwaulize wanafunzi wangu jambo."

"Waulize upesi," Chui akajibu, akiramba masharubu. "Njaa... yaani haki, haki haingoji."

"Wanafunzi, hakimu na mtuhumiwa wanatofautiana kwa kitu gani?"

"Kwa moyo, mwalimu," akasema Kindi. "Wa hakimu safi, wa mtuhumiwa mchafu. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Hilo ni la kwanza. Kuna jingine?"

Panya akainua mkono. "Kata, mwalimu. Ya hakimu nyeupe, ya mtuhumiwa nyeusi."

Mkia wa Chui ukachapa vumbi: fya! fya!

"Kwa hiyo vitu viwili vinabadilika kwa pamoja. Nani anajua kipi kinatapisha?"

"Hakuna!"

"Tufanyeje?"

"Tubadilishe kimoja, kingine tukiache!"

"Upuuzi!" Chui akanguruma. "Kata ni kifuu tu. Kata haina neno!"

"Mmemsikia mheshimiwa? Kata haina neno."

"Tumemsikia!"

"Basi tukubaliane kabla ya kujaribu. Tubadilishane kata. Kama ni moyo unaotapisha, Paa atatapika hata kwa kata nyeupe, na hakimu hatatapika hata kwa nyeusi. Ikiwa kinyume, ni kata. Umeridhika, mheshimiwa?"

Chui akatazama kulia: Nyati. Akatazama kushoto: Ndovu. Kukataa kungekuwa kukiri.

"Nimeridhika," akasema.

Paa akapokea kata nyeupe. Gu. Gu. Gu. Sange hakupumua. Alikuwa na dhana tu, wala hakuwahi kuigusa ile kata nyeusi. Na hofu peke yake yaweza kumtapisha mnyama. Nzi akapita. Paa akafumba macho, akafumbua, akabeua: bweu! Hakutapika.

Zamu ya Chui. Akapiga funda moja kwa kata nyeusi, akaiweka chini.

"Kata nzima, mzee," Panya akasema. "Usibadilishe kipimo."

Gu! gu! gu! Tumbo likanguruma kumshinda mwenyewe. Kisha: hwaaa!

Umati ukalipuka kwa vifijo. Sange akainua mkono. "Tulieni! Mara moja haitoshi. Huenda ni sadfa. Mchoteeni tena, mara ya pili, ya tatu, ya nne..."

Chui hakuingoja ya pili. Vichaka vikavunjika: kacha! kacha! Hakuonekana tena.

"Mwizi amekimbia!" umati ukapiga kelele. "Ndiye aliyekula mayai!"

"Ni kweli, mwalimu?" Mama Kanga akauliza.

"Hilo, mama, hatukulijaribu," Sange akajibu. "Tunajua kata nyeusi inatapisha. Kuhusu mayai, hatujui lolote."

Hakuna aliyemsikia. Siku ile ile mbuga nzima ilimhukumu Chui kwa wizi wa mayai, bila shahidi.

Ngano imefika ukingoni. Mwenye shaka aondoke nayo. Na funzo lake ni hili: watoto, msiwaulize wakubwa maswali, mtawaumiza matumbo. Ama kuhusu hukumu ile ya mayai, ushahidi mmeusikia wote. Je, ilikuwa haki? Amueni wenyewe.