Mikate ya Mtama

Waliosema kwamba akili ni mali hawakuzidharau fedha. Walijua tu kwamba fedha zaweza kumponyoka mtu kama maji kiganjani, ilhali maarifa hubaki naye. Nzisa wa Ngoliba, karibu na Thika, alilijua hilo kwa kulipitia.

Vita vilipotulia Sudan Kusini, Nzisa na mumewe Kyengo waliuza ng'ombe wao, kisha Nzisa akaenda Juba kufungua tanuri la mikate, akimwachia Kyengo mtoto wao Mwendwa. Jirani yake sokoni alikuwa Kagwe, mzaliwa wa Ruiru, muuza unga wa jumla. Biashara ikanoga.

Lakini amani ile ilikuwa changa. Mashamba yalikuwa yamemezwa na magugu, na karibu kila bidhaa ilivuka mpaka kuja. Serikali ilidaiwa mishahara na wanajeshi nayo haina kitu, ikachapisha noti. Noti zikafurika, bidhaa zikabaki zilezile chache. Bei zikapanda kama moto wa nyika. Mkate ulikuwa na bei ya asubuhi na bei ya jioni. Mshahara wa mwalimu haukumfikisha hata katikati ya mwezi.

"Mimi nafunga duka," Kagwe alisema akizitia noti zake sandukuni. "Hizi pesa zitapata nguvu tena. Nangoja."

"Na sisi tukingoja, watu watakula nini?" Nzisa aliuliza.

Akawaendea wanawake wa mashambani, waliokuwa na mtama lakini hawataki noti kuziona. "Nipeni mtama, niwape mikate," akawaambia. Kagwe akamcheka. Akausaga, akauchanganya na ngano kidogo iliyopatikana. Mchoma makaa naye akalipwa mikate. Walimu walipokuja mikono mitupu, aliwapa mikate nao wakawafundisha watoto wa wafanyakazi wake. Mji ulipolia njaa, tanuri la Nzisa halikuzimika.

Kisha bunduki zikalia tena. Nzisa akakimbia na nguo alizovaa. Kyengo alimpokea Thika, asiamini macho yake.

"Umerudi na nini, Mama Mwendwa?"

"Na hii mikono, Baba Mwendwa. Na hiki kichwa changu."

Kyengo alicheka, kisha machozi yakamtoka.

Walikodi chumba Gitothua, kule Ruiru, wakajenga tanuri la udongo. Mtaji hawakuwa nao, basi Nzisa akachukua mtama kwa majirani wa Ngoliba kwa ahadi ya kuwalipa mikate ikiuzwa. Alitimiza ahadi. Haukupita muda, wanafunzi wa mtaa wa jirani wa Kahawa Sukari wakawa wanaugombania mkate wake ungali moto.

Siku moja Kagwe akasimama mlangoni, amekonda kama ng'onda. Sanduku lake la noti halikuwa limemnunulia hata gunia la unga.

"Nilikucheka, Nzisa," alisema kwa sauti ya chini. "Natafuta kazi."

"Uliogopa tu, Kagwe. Hata mimi niliogopa. Lakini unga unaujua kuliko mimi. Nawa mikono uingie."

Kagwe akanawa, akaukunja mkono wa shati, akaanza kukanda. Nzisa akamsogezea karai la pili.

Fedha za Juba zilikufa, tanuri la Gitothua likawaka: hakika, akili ni mali.