Nyati Aliyeshuka Barabarani na Vyuma vya Barafuni

"Niwape, nisiwape?"

"Tupe!"

"Ya baridi au ya moto?"

"Zote mbili!"

Basi shikeni magongo yenu.

Juu mlimani palikuwa na ziwa lililoganda. Hapo Nyati alicheza mpira wa magongo, ule wa barafuni unaopigwa kisahani badala ya mpira. Alifunga vyuma vya kuteleza kwenye kwato, akavaa pedi kifuani, na kila jirani ilibidi acheze naye. Mshindi anachukua, mshindwa anahama.

Pimbi, mnyama anayeenea kwenye kikapu, alikuwa jirani yake.

Waligombea majani. Nyati akaja, srrrr! Akapiga kikumbo, bu! Pimbi chali. Kisahani kikateleza hadi golini. Majani yakaenda.

Waligombea mapango. Srrrr! Bu! Pimbi chali. Mapango yakaenda.

Ikabaki chemchemi. Watoto wa Pimbi walikunywa hapo tu.

"Kesho chemchemi," alisema Nyati.

"Sawa, mzee. Ila tuchezee barabarani kule chini. Bao moja tu."

"Popote! Magongo ni magongo."

"Kule hatuvai vyuma. Ukivivua, niachie mimi nivivae."

"Uvae vyangu? Thubutu! Sivivui ng'o!"

Kesho yake jua liliwaka. Mwamuzi alikuwa Kunguru. Alikisukuma kisahani kwenye lami, kikakwama. Akakitupa, akaweka mpira unaoviringika.

"Na hapa hakuna vikumbo," alisema. "Anayepiga kikumbo ameshindwa."

"Mchezo gani huu?" Nyati aliuliza.

"Wa barabarani, mzee," alisema Pimbi.

Nyati akaja. Krrr! Krrr! Vyuma vikakwaruza lami, cheche zikaruka. Pimbi, pekupeku, akampita, tipu tipu tipu.

"Vua, mzee!"

"Uvae wewe? Sivui!"

"Gari!" akapiga kelele Kunguru.

Barabarani gari likija, mchezo husimama. Kila mchezaji hubeba goli lake, hukaa pembeni, kisha hulirudisha. Pimbi akabeba lake. Nyati akajaribu kuinua mguu. Haukuinuka. Lami ilikuwa imelainika kwa jua, vyuma vimezama.

Trekta likamzunguka. Dereva akachungulia. "We Nyati, si uvue viatu?"

"Yakuhusu?"

Trekta likapita, Kunguru akapuliza filimbi.

"Ngoja! Nimekwama!"

"Vua basi, mzee," alisema Pimbi.

Nyati akamtazama Pimbi. Akavitazama vyuma vyake. "Hapana."

Pimbi akauviringisha mpira taratibu, tiki, tiki, tiki, ukapita katikati ya miguu ya Nyati, ukaingia golini.

Watoto wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Nyati akavua vyuma, akavikumbatia. "Huvipati!"

"Vya nini, mzee? Mguu wangu mzima unapotea humo."

Funzo, watoto: vaeni chuma hata juani, msivue mkiambiwa, na magongo ni magongo popote. Asiyeamini akamuulize Nyati. Bado ana kiu.

Ngano yangu naibeba, naiweka pembeni. Gari linapita.

"Lipite!"