Nguchiro na Chuma cha Siti Kilichoganda

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanda baiskeli, palikuwa na mkunga, Bi Nguchiro. Mkunga hodari, miguu mifupi. Korongo alipohama alimwachia baiskeli yake. Baiskeli nzima, kengele yalia ngriing! Lakini siti iko juu, juu kabisa. Bi Nguchiro akipanda, miguu yaning'inia, haifiki kwenye pedali.

Asubuhi moja Kwale akaja mbio. "Bi Mkunga! Paa ameshikwa na uchungu, kule ng'ambo ya kilima!"

Kwa miguu ni kutwa nzima. Bi Nguchiro akalegeza nati, akabonyeza siti ishuke. Wapi! Akaivuta juu. Wapi! Chuma cha siti kimeganda ndani ya fremu.

Akamwita jirani yake, Kiboko. Kiboko akavuta. Hmmmf! Akavuta tena. Hmmmf! Fremu ikalia kwaa!

"Basi, kaka, utaivunja!"

"Sasa nifanyeje? Si umeniita nivute?"

Bi Nguchiro akainama. Macho yamenasa pale chuma kinapoingia kwenye fremu. Kina nini hiki? Kimeshikwa na nini? Akachungulia. Akanusa. Akalamba. Chumvi!

"Kumbe! Korongo alikuwa akibeba samaki wa chumvi. Maji yao yameingia humu, yamezaa kutu. Kutu ndiyo inayokishika."

Akadondosha mafuta ya taa, to, to, to. Akagongagonga, ko, ko. Akangoja.

"Paa analia!" Kwale akaruka huku na huku.

"Najua, mwanangu."

Akangoja mpaka mafuta yakapenya ndani. Kisha wakaipindua baiskeli, magurudumu juu.

"Kaka Kiboko, lala hapo, king'ate chuma. Usivute. Mimi na Kwale tutazungusha fremu."

Wakazungusha huku. Wakazungusha kule. Kimya. Huku. Kule. Mara, kwiii! Kutu nyekundu ikamwagika. Fremu ikachomoka, chuma kikabaki mdomoni mwa Kiboko.

Bi Nguchiro akakisugua, akakipaka mafuta, akakishusha mpaka chini, akakaza nati. Ngriing! Huyoo!

Akamkuta Paa hoi. Mtoto amekaa vibaya, mguu umetangulia, na shangazi zake wameshaushika.

"Tuvute!"

"Mwacheni! Kwanza nijue amekwama wapi."

Akapapasa. Akamgeuza mtoto, pole, pole. Jua halijatua, mtoto yuko majanini, atikisa masikio.

Basi, wakubwa kwa wadogo, kitu kikikwama usikimbilie kuvuta. Chunguza kwanza kinachokishika.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeisikia na amsimulie mwenzake.